Sinema ya Mapenzi Niliyoikata Mwenyewe

Mpaka leo mtu akitaja sinema natazama chini, na ninyi mnaojua sababu naomba mcheke taratibu, maana niliyatafuta mwenyewe.

Enzi za Mwingereza nilikuwa karani wa stesheni hapa Dodoma, na Bwana Karimu, mwenye duka la vitambaa Majengo, alikuwa na kamera ya sinema, akaniazima, nikatengeneza kichekesho cha mapenzi, mimi na mchumba wangu Nyemo. Maskini Nyemo alianguka na baiskeli mara tatu vumbini ili watu wacheke, akachubuka goti, na miezi yote tuliyongoja filamu isafishwe Ulaya akawa anawasimulia shangazi zake kule Mvumi. Hao shangazi ndio waliokuwa hawajaijibu posa yangu.

Filamu iliporudi ikawa ndefu kuliko kigurudumu cha mashine ya kuonyeshea. Bwana Karimu akasema, "Kata hapo unapochana nywele." Nikaangalia, nikaona nimependeza mno. Pale ninapovaa kofia (ya kuazima nayo) nikashindwa pia. Basi nikachukua mkasi nikapunguza kidogo kwa Nyemo, kisha kidogo tena, nikijiambia kwamba yeye watu wanamjua.

Jumapili mchana, baada ya kanisa, tukaziba madirisha ya ghala la karanga kwa magunia, shangazi watatu wakakaa mbele na Nyemo katikati yao, amevaa gauni jipya. Sinema ilikuwa bubu, kwa hiyo nilisimama kando nikieleza. Nachana nywele. Navaa kofia. Napanda baiskeli, nashuka, nacheka peke yangu.

"Hapa sasa mapenzi yamenizidi," nikaeleza.

Shangazi mkubwa akauliza, "Unampenda nani?"

Ukatokea mkono unaonipa kibuyu cha maji, ukapotea.

"Huo mkono wangu," Nyemo akasema. Halafu, polepole, "Na nilivyoanguka?"

Mashine ikaendelea kunionyesha mimi.

Magunia yalipoondolewa, shangazi mkubwa alisimama akajifunga khanga yake vizuri. "Mwanangu, posa yako tumeijibu," akasema. "Wewe una mtu wako tayari, tumemwona leo, na mnapendana sana."

Nyemo aliondoka nao bila kunitazama.

Kamera sijaigusa tena, na kioo nakitazama wakati wa kunyoa tu. Vile vipande nilivyokata ninavyo kwenye kopo la chai. Nikivinyanyua kwenye mwanga namwona anaanguka, anainuka, anajipangusa vumbi huku anacheka, na kichekesho chenyewe kilikuwa hicho.