Kipindi cha Pili na Mugoma

Jumapili ile, baada ya misa, tulicheza mpira na kijiji jirani cha Mugoma kwenye kiwanja chetu kilichoinama. Kijiji chetu cha ujamaa kilikuwa kimepangwa kwa mistari, nyumba zikitazamana, lakini kiwanja kilikataa kunyooka. Anayeanza kwa kuteremka hushangilia mapema na kulia baadaye. Sisi, timu ya Jembe, tulianza kwa kuteremka, na mdogo wangu Damasi, winga wa kushoto, akafunga bao moja. Beki wao, Stefano, alimkanyaga mpaka mama yetu akamtishia kwa mwamvuli kutoka pembeni.

Wakati wa mapumziko likaja lori. Majeshi ya Uganda yalikuwa yamevuka mpaka huko kaskazini, na mgambo waliitwa. Karibu sote, wetu na wao, tulikuwa mgambo.

"Kipindi cha pili mtakimaliza mkirudi," alisema mwalimu aliyekuwa refa.

Mama akanishika mkono, akamwonyesha Damasi kwa kidevu. "Usirudi bila huyu."

Niliitikia upesi, kama mtu aliyeagizwa chumvi dukani.

Huko jeshini sikutulia. Damasi akienda kuchota maji, nami kiu inanishika. Wenzetu waliniita yaya. Mwenyewe alinichoka.

"Kaka, na chooni tutaenda wote?"

Tulikuwa tumeshaingia Uganda, tukitembea kwa mstari barabarani, asubuhi, mizinga ilipoanza.

Kamanda alipiga kelele tulale.

Mimi nilijitupa kwenye mtaro wa kulia.

Damasi alikimbilia kushoto.

Nilimwita. Vumbi lilipotua nilivuka barabara. Tulimzika karibu na hapo, kwenye migomba ya watu tusiowajua.

Niliporudi, mama alipokea begi langu, akaniwekea chakula. Ikawa kila siku namwamkia, anaitikia "marahaba," basi. Nikiketi nasimama, nikisimama natoka. Nilikuwa na hasira pia, nisidanganye. Mzinga si ng'ombe, kwamba ningeuzuia kwa fimbo.

Kisha Mugoma wakaja kumaliza mchezo. Walikuwa pungufu, nasi pungufu, na tulikubaliana nafasi za wasiorudi zisijazwe. Mwalimu akaanzia pale tulipoachia, tukiongoza moja bila. Mama alisimama pembeni na mwamvuli wake.

Mara ya kwanza nilipopata mpira niliupiga kushoto bila kufikiri. Ulipita mbele ya Stefano. Hakuugusa. Ukatoka nje, ukaenda kusimama miguuni pa mama.

"Sasa mimi nimkabe nani?" Stefano aliniuliza.

Mama aliuokota mpira, akaufuta vumbi kwa kanga, akamkabidhi Stefano mkononi.

Sasa sisi ndio tuliokuwa tunapanda, na pumzi zetu hazikuwa zile za zamani. Karibu na mwisho Mugoma wakasawazisha. Watu wakawapigia makofi, hata wa kwetu. Mimi niliumia kupita kiasi, kwa mchezo wa kijijini tu.

Tukirudi nyumbani mama alitangulia kama kawaida yake. Kwenye kona ya mihogo akasimama, akanisubiri.

"Wakisawazisha, lile la Damasi linafutwa?"

"Hapana, mama. Linabaki."

Alilitafakari kidogo, akiangalia kule kiwanjani.

"Basi twende ukale," akasema, na safari hii tulitembea pamoja.