Pombe Niliyoikataa Itebero

Niliyataka mwenyewe. Nalisema hilo kwanza, mtu asije akamtwika mume wangu yote, ingawa lawama zake anazo tele.

Alipooa mke wa pili, enzi zile za Wabelgiji, alinirudisha kwa baba yangu. Binti yetu wa miaka mitano akabaki naye Nyamitaba, upande wa Masisi. Sikukubali. Ukoo wake ulikuwa Itebero, msituni Walikale, basi tukapatana kwamba wazee watatu wa huko watuamue. Tulitembea siku nyingi, yeye mbele na mtoto mabegani, mimi nyuma na mzigo wa maharagwe. Wazee walitusikiliza kutwa, kisha wakakata shauri: mtoto aende kwa mama yake. Nililia kwa furaha mbele za watu.

Ndipo wakaleta kasiksi, pombe ya ndizi, katika kibuyu kimoja chenye mrija mmoja. Kila upande ukinywa, uamuzi umefungwa. Mume wangu akavuta. Mimi nilikuwa nimebatizwa Pasaka ile, na kiburi cha ubatizo mpya kilikuwa bado kinanichemka.

"Dada, gusa tu na mudomo," mzee mmoja alinisihi.

"Hapana, Papa. Mimi niko Mukristu. Neno yangu inatosha."

Wakatazamana. Hakuna aliyenilazimisha. Njia nzima ya kurudi binti yangu aliniuliza kwa nini nilikataa, nami nikamweleza kwa raha zangu zote.

Tulipofika Nyamitaba mume wangu akageuka, akakataa kumtoa mtoto. Nikamshitaki kwenye tribinali ya Masisi. Hakimu alikuwa mpole. Alinieleza kwamba hawezi kusikiliza upya kesi iliyokatwa na wazee wa Walikale. Kazi yake ni kuuliza tu kama sisi wawili tulijifunga kwa uamuzi wao. Kama tulijifunga, angenikabidhi mtoto papo hapo.

Mume wangu alisema sikunywa. Hakimu akanigeukia.

"Mama, ulikunywa?"

Wazee wa Itebero walikuwa mbali. Nilimtazama binti yangu, amekaa mapajani mwa baba yake. Nikadanganya.

"Nilikunywa, Papa hakimu."

Mtoto akaruka chini, uso umemng'aa.

"Hapana! Mama hakukunywa! Walimubembeleza, akakatala. Mama iko Mukristu!"

Watu wakacheka. Hakimu hakucheka. Aliniuliza mara ya pili, taratibu, nami sikuurudia uongo wangu mbele ya mtoto. Akasema uamuzi wa Itebero haukufungwa, kwa hiyo hana cha kutekeleza, na mtoto atabaki alipo.

Mume wangu akamshika mkono. Mlangoni binti yangu aligeuka, akanitabasamia, akingoja nimsifu.

"Umesema muzuri, mutoto yangu," nikamwambia.