Bi Mkubwa Hataki Hewa

Pale maabara walimwita Fundi Ombwe, naye akaitika. Kazi yake ilikuwa kumtunza Bi Mkubwa, mashine inayotambua kilichomo ndani ya kitu kwa kupima uzito wa chembe zake. Na Bi Mkubwa, jamani, ana masharti! Tumboni mwake hataki hewa. Pampu lazima ziinyonye yote libaki ombwe tupu. Ikipenya kidogo tu, haoni kitu kingine, hata umpe sumu ya panya.

Asubuhi hiyo daktari alivuka ua mwenyewe, mkononi ana kifuko cha nailoni chenye vidonge vyeupe visivyo na jina. Mchuuzi alikuwa amemuuzia mama mmoja mtu mzima, akamwapia ni dawa ya magoti. Sasa mama huyo yuko wodini, haongei, hageuki.

"Niambie humu mna nini," daktari alisema. "Nikijua, najua nimpe nini. Nisipojua, nabahatisha tu."

Fundi Ombwe hakuuliza ni mama gani. Alimjua: ni mama yake mdogo, aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni, na magoti yale yaliharibika kwa kupanda ngazi za watu akiwafulia nguo ili yeye asome.

Jana yake alikuwa amemfungua Bi Mkubwa kumsafisha. Akamfunga, akawasha pampu, akaukandamiza mlango wa ubavuni kwa kiganja mpaka ukanyonywa, akaushikiza kwa skrubu, kama wanavyofanya siku zote. Leo mshale wa geji, kipimo cha hewa iliyobaki ndani, umegoma kushuka. Hewa inaingia. Inapitia wapi? Hapo ndipo penye kazi!

Alichukua kopo la gesi ya kupulizia vumbi, akawa anapuliza kiungo kimoja kimoja huku anatazama kioo cha kompyuta, maana panapovuja mashine huinusa ile gesi na mstari huruka. Mrija wa mbele, kimya. Nati ya nyuma, kimya. Alipofika mlangoni, mstari ukaruka.

"Nimekupata, mwizi we!"

Akakamata bisibisi, akaikaza skrubu ya mlango. Mshale ukapanda. Akakaza tena, meno yameumana. Ukapanda zaidi. Simu ikalia, mdogo wake alikuwa kando ya kitanda cha mgonjwa.

"Dada, anapumua kwa shida. Hiyo mashine vipi?"

"Inakuja."

"Si ndivyo ulivyosema mwanzo?"

Alitamani angekuwa mfagiaji wa wodi. Angalau angekuwa karibu naye. Mfa maji haachi kutapatapa: akaikaza tena.

Mkuu wa maabara, mtu wa mizaha kutwa, aliingia bila mzaha wowote. Akaigusa skrubu.

"Nani kaikaza hivi?"

"Mimi."

"Wewe?"

Na ana haki ya kushangaa! Kila mgeni aliyekanyaga chumba kile alifundishwa na Fundi Ombwe mwenyewe: skrubu ile ni ya kuushikiza mlango tu, ombwe ndilo linaloufunga. Ukiikaza, bati linapinda na mpira wa kuziba hewa unaachia upande wa pili. Leo hofu ilimtia nguvu mikononi ikamtoa akili kichwani.

Mkuu akalegeza, taratibu, hata mkazo wa jana uliokuwa umezidi kidogo. Mshale ukaanza kushuka.

"Sasa?"

"Sasa tunangoja, mwanangu. Si unamjua Bi Mkubwa."

Huwezi kuuvuta mshale kwa kidole. Alikaa, mikono katikati ya magoti, akilia bila kujifuta. Haraka haraka haina baraka, haya, tumesikia. Na polepole nayo ina baraka gani, mtu wako anapohangaika ng'ambo ya ua?

Mshale haujafika chini, simu ikalia tena. Safari hii ni daktari.

"Fundi, usiharakishe tena. Pole sana."

Mkuu alimwambia aende. Hakwenda. Mchuuzi yule ana wateja wengine, alisema. Alingoja mpaka mshale ukatulia, akampa Bi Mkubwa kidonge kilichoyeyushwa, na Bi Mkubwa, bila hewa hata kidogo, akalitoa jibu safi.

Akampigia daktari, akamtajia dawa iliyokuwa imefichwa mle. Daktari akauliza kama ana hakika.

"Nina hakika. Dawa ya kuivunja nguvu mnayo?"

"Tunayo," daktari alisema. "Ipo hapa kabatini, nyuma yangu."