Anayeanza Kusema Hukaa Kushoto

Kiguu hakupewa jina hilo kwa kuonewa. Tangu utotoni alikuwa kiguu na njia, hana pa kutua. Hata kinyozi alimnyoa huku akimfuata, ndiyo maana kwenye picha zake zote za shule upande mmoja wa kichwa una nywele nyingi kuliko wa pili. Mama yao alishinda kazini, baba yao ndiyo usiseme, kwa hiyo mzigo wa kumlea ulimwangukia dada yake mkubwa. Dada akabembeleza, akafinya, mwishowe akagundua dawa. Ilikuwa penseli. Mpe penseli, anachora ametulia mpaka ncha iishe. Ikiisha, keshainuka tena.

Kwa hiyo asishangae mtu alipoishia kuwa mchora katuni. Alianza na mabango ya saluni, vichwa vya wanawake waliosukwa mitindo ambayo msusi mwenyewe hakuiweza, halafu akachukuliwa na gazeti la hadithi za picha. Ofisi ilikuwa juu ya kiwanda cha uchapaji. Mashine za chini zikiwashwa, meza zote za juu zinatetemeka, na wachoraji walijifunza kuvuta mstari mashine zikipumua. Mhariri alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye wino kwenye kila shati. Siku ya kwanza alichukua karatasi ya Kiguu, akaitazama, akairudisha.

"Huyu mama ndiye anauliza, na huyu baba anajibu, sivyo?"

"Ndiyo, Mzee."

"Sasa mbona mama umemweka kulia? Anayeanza kusema hukaa kushoto. Jicho la msomaji linatoka kushoto. Ukigeuza, atasoma jibu kabla ya swali, na kichekesho chako kimeshakufa. Kariri hiyo, hata ukiota uiote."

Kiguu akaikariri. Kila kisanduku kipya, kabla hajachora pua wala mguu, alijiuliza nani anaanza kusema, akamweka kushoto. Kama kwenye kisanduku cha pili aliyeanza ni mwingine, basi aliwabadilisha. Msomaji hajali, katika karatasi watu huhama bila miguu. Ndivyo alivyomzaa Bibi Msumari, mama mfupi mwenye kilemba kirefu kuliko yeye mwenyewe, asiyemwogopa tajiri wala polisi. Watu walimpenda Bibi Msumari, wewe! Walimsoma dukani wamesimama, muuza duka akiwatolea macho. Mitaani Kiguu aliitwa kwa heshima, na mafundi viatu walimshonea soli huku wakimuuliza wiki ijayo bibi atamkomesha nani.

Mtu mwingine angekaa hapo akastaafu na kitambi. Huyu wetu, wapi! Vile visanduku vikaanza kumbana. Akimchora Bibi Msumari mlangoni, halafu akamchora sokoni, roho ilimuuma kwamba hakuna aliyemwona akitembea katikati. Alitaka atembee. Alitaka kilemba kicheze. Akawa anakula huku anazunguka meza, analala huku anazungumza, mpaka siku moja akapanda kwa Mhariri kumwambia anaondoka, anakwenda kutengeneza filamu.

Mhariri hakugombana naye. "Hapa umekaa kuliko mahali pengine popote, nashukuru," alisema. "Ila siku moja, mwanangu, kimalize kitu mpaka mwisho."

Maneno hayo yalimchoma, maana yalikuwa kweli. Shule hakuimaliza, mabango aliyaacha njiani, na sasa Bibi Msumari anamwacha katikati ya kesi. Akaapa kimoyomoyo kwamba filamu ataimaliza hata ikimtoa roho.

Akahangaika. Akachora michoro ya matangazo ya sabuni, akapiga picha za harusi za watu, akanunua kamera iliyotumika, akajifundisha mwenyewe kwa kubonyeza kila kitufe. Kuomba ushauri hakupenda. Mtu akimweleza jambo, yeye jicho liko mlangoni. Filamu aliyoitaka ilikuwa ya wazazi wao: mama mwenye subira na baba aliyekuja nyumbani kama mgeni wa kituo cha basi, anakula amesimama, anafuta mdomo, huyo ameshaondoka. Wote wawili walikuwa wameshatangulia mbele ya haki. Nyumba yenyewe bado ilikuwepo, na meza ile ile, na ukuta wenye alama ya bega la baba pale alipokuwa akijiegemeza.

Ila nyumba ilikuwa imeshauzwa. Ndugu walikubaliana, kila mmoja ana shida zake, na mnunuzi alitaka kuibomoa ajenge maduka. Alikuwa muungwana, akawapa mpaka mwisho wa mwezi. Kwa hiyo ilikuwa ama sasa au basi. Nyumba ikianguka, filamu nayo imeanguka, na Kiguu atakuwa ameacha kitu kingine njiani.

Akamwendea dada yake. Dada alikuwa mama mtu mzima sasa, mshonaji wa sare za shule, na hajawahi kuigiza hata kwenye sherehe.

"Unataka mimi niwe mama?"

"Unafanana naye, dada. Hata ukikunja uso ni yeye."

Dada alicheka, akafikiri. "Sawa. Lakini kwa sharti. Tukimaliza, mimi na wewe tukae mle ndani kidogo, kabla hawajabomoa. Bila hayo mataa yako."

"Tutakaa," alisema Kiguu, akiwa ameshafika uani.

Wa kuwa baba alipatikana Mzee wa Redio, aliyetumia ujana wake wote kuigiza michezo ya redioni na sauti yake mpaka leo ingeweza kuuza jiwe. Kazi ikaanza. Nakwambia, ilikuwa patashika. Kiguu ndiye anashika kamera, ndiye anahamisha taa, ndiye anakimbia kumsihi jirani apunguze muziki. Filamu yote alikuwa ameshaichora, kisanduku kwa kisanduku, na michoro ameibandika ukutani. Kubwa kuliko yote ilikuwa ugomvi wa mezani, pale mama anapomwambia baba kila alilolimeza tangu waoane. Bila ugomvi ule filamu haina moyo.

Kwenye michoro hiyo, bila shaka, anayeanza kusema alikuwa kushoto. Mama akianza, mama kushoto. Baba akianza, Kiguu anasimamisha kazi, anawainua wote wawili, anawabadilisha viti, anahamisha na sahani.

"Mwanangu," aliuliza Mzee wa Redio alipoinuliwa kwa mara nyingine, "hivi hii ni familia au ni mchezo wa kugombea viti?"

"Niachie mimi, Mzee. Nimefanya kazi hii miaka."

Na kweli alikuwa ameifanya miaka, kwenye karatasi.

Siku ya mwisho walimaliza jua likishuka. Mzee wa Redio akaaga, Kiguu akaanza kukunja nyaya, akapokea simu, akatoka, akarudi, akabeba taa, akatoka tena. Dada alikuwa bado ameketi mezani. Baadaye alifunga mlango mwenyewe, na funguo zikaenda kwa mnunuzi. Wiki haikupita, pale pakawa kifusi.

Hapo ndipo Kiguu alipompelekea picha Fundi, mwanamke aliyeunganisha filamu za watu katika chumba chenye feni moja na pazia nene. Fundi hakuwa na maneno mengi. Aliweka ugomvi wa mezani kwenye kioo, akaunganisha kipande na kipande, akarudisha nyuma, akatazama tena, akakuna kichwa.

"Hawa wanamwangalia nani?"

"Wanaangaliana. Ni mume na mke."

"Hawaangaliani. Tazama vizuri. Mama anatazama kulia. Anakuja baba, naye anatazama kulia. Ni kama wako kwenye foleni ya benki." Akapeleka mbele. "Na hapa mama yuko kwenye kiti cha baba. Amehamia saa ngapi?"

Kiguu alitazama, na taratibu akaliona kosa lake. Kila alipowabadilisha, alikuwa amewageuza. Kwenye karatasi kila kisanduku kina ulimwengu wake, lakini hapa vipande vinashikana mikono, na watu wake walikuwa wakiruka meza kama panzi. Ugomvi mzima, maneno yote mazito ya mama, hakuna kipande kilichokubali kukaa na mwenzake. Alizunguka kile chumba mpaka Fundi akamwambia atatoboa sakafu.

"Tupige upya," alisema.

"Wapi?"

Akasimama. Wapi, kweli? Akashika tama kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akaona aibu inakuja. Aliona uso wa Mhariri. Aliona watu wa mtaani wakiuliza ile filamu iliishia wapi.

Fundi alikuwa anapekua mabaki. "Hiki ni nini? Kirefu hivi?"

Kilikuwa kipande cha siku ya mwisho. Kiguu alisahau kuzima kamera. Dada alikuwa ameketi mezani katika nguo za mama, kiti cha mbele yake kitupu. Nyayo za Kiguu zilisikika zikienda na kurudi. Dada akasema, bila kupaza sauti, "Hebu kaa kidogo. Chumba hiki tunakiacha. Kaa hapa, tukiangalie wote." Sauti ya Kiguu ikajibu kutoka pembeni, "Sasa hivi, dada, naja." Nyayo zikaenda. Mlango ukalia. Dada akangoja. Akafuta meza kwa kiganja, akatazama kiti, akatazama mlango, akafuta tena pale pale. Jua lilikuwa linampungukia usoni. Mwishowe alisema, "Haya," akainuka, akatoka nje ya picha.

Kiguu hakukumbuka kabisa kuitwa. Hakukumbuka kujibu. Siku ile alikuwa anafikiria nyaya.

"Huo ndio ugomvi wako," alisema Fundi. "Kila kitu kimo humo. Tuyaache yale maneno mengi."

"Hapo hakuwa anaigiza."

"Naona."

Kiguu alitoka nje, akarudi, akatoka. Kutumia kipande kile ilikuwa kama kuchukua kitu mfukoni mwa dada amelala. Kutokukitumia ilikuwa kuzika filamu. Akamwambia Fundi aendelee, yeye atamwomba dada ruhusa. Sauti ya Kiguu ikafutwa, akaitwa Mzee wa Redio aseme, "Sasa hivi, naja," na ikakaa kana kwamba ilizaliwa hapo.

Ruhusa sasa. Jumatatu alikwenda kwa dada akakuta wateja, akaaga. Akapiga simu, akazungumza habari za mvua. Akaenda tena, akashika kitasa, akakumbuka ana jambo la haraka mahali fulani, ambalo halikuwepo. Mwanamume mzima, amewahi kuwachora mawaziri na matumbo yao bila woga, anamkimbia mshona sare! Siku ya onyesho ilifika hajasema neno.

Ukumbi ulikuwa wa shule, viti vya plastiki, kitambaa cheupe kimetandazwa ukutani. Mtaa mzima ulikuja, na Mhariri akaja na shati lake la wino. Dada alikaa safu ya pili, mkoba ameuweka kwenye kiti cha pembeni kumshikia nafasi ndugu yake. Alimpungia mkono. Kiguu naye akampungia, akaonyesha kwa kidole kwamba anakuja, kisha akabaki nyuma ya ukumbi anatembea huku na huku, anahesabu nani anakohoa.

Filamu ikaenda. Watu wakacheka panapochekesha. Halafu ikaja ile meza. Mama kwenye ukuta akasema, "Hebu kaa kidogo."

Watoto waliacha kuchezea viti. Mama akangoja, akafuta meza, akatazama mlango, na mahali fulani mwanamke mmoja akavuta pumzi ya kilio. Kiguu alitazama kisogo cha dada yake. Hakikutikisika. Miguu yake, iliyozoea kumtoa kila mahali, ilimpeleka mbele. Alipita katikati ya viti akikanyaga watu, sauti zikimwambia ainame, akafika safu ya pili.

Kiti kilikuwa na mtu. Mama mmoja mnene aliyechelewa alikuwa ameketi hapo, amejistarehesha.

"Nilimpa," alinong'ona dada bila kugeuka. "Nilijua huji."

Kiguu akakaa sakafuni, kwenye njia, bega lake likigusa goti la dada. Wakatazama pamoja mpaka mama alipoinuka kutoka kwenye picha. Dada alikuwa analia, na hakujificha.

"Kumbe siku ile ulinisikia," alisema.

Ingekuwa rahisi kuitikia. Neno moja tu, na dada angefurahi, na hakuna ambaye angejua.

"Hapana, dada," alisema Kiguu. "Sikukusikia. Nimekusikia baadaye, kwenye mashine."

Dada akageuka kumtazama. Kisha akamwekea mkoba wake mapajani, mkoba mzito uliojaa uzi na mikasi.

"Basi nishikie huo," alisema. "Mpaka iishe."

Akaushika.