Staa wa Durban aliyeimba umoja wa watu weusi, kisha akaingia saluni kwetu kwa mlango wa nyuma

Wakuu, heshima kwenu. Hii si chai, si hadithi ya kutunga. Nilikuwepo, na kiti kinachotajwa humu nilikibeba mwenyewe.

Kilichotangulia siku zote kilikuwa mluzi.

Tulimsikia kabla ya kumwona. Mluzi wa wimbo wake mwenyewe, ukitokea uchochoroni kwenye mapipa ya taka, kisha vidole vikigonga mlango wa nyuma. Mimi navuta pazia la dirisha la mbele, ndipo Mama Furaha anafungua.

Niwape picha kwanza.

Ni Durban, mwishoni mwa miaka ya tisini. Mimi binti wa Kigoma, nasuka nywele kwenye saluni ndogo mtaa wa Sydenham. Mwenye saluni ni Mama Furaha, Mkongo wa Uvira, mjane, mkono mwepesi ajabu. Mistari yake kichwani ungedhani imepigwa rula.

Jamaa wa mluzi tumwite Themba. Kwaito, muziki wa vijana wa huko, ilikuwa inavuma na yeye alikuwa juu kabisa. Kazaliwa Cato Manor, uswahilini, kahamia Westville, kwenye mageti na miti mirefu. Wimbo uliomtoa ulikuwa unawaambia watu weusi wa Afrika nzima washikane mikono. Ukisimama kwenye robot, yaani taa za barabarani, gari la kushoto linaupiga, la kulia linaupiga.

Na mwimbaji wa wimbo huo alikuwa anaingia kwetu kama mwizi.

Kisa? Image. Sisi tulikuwa makwerekwere, jina la dharau la wageni weusi, na manager wake hakutaka fans wajue kichwa kile kinashikwa na nani.

Sasa, nje ya mlango wetu wa mbele walikaa wasusi wa Kizulu, juu ya makreti, chini ya miavuli. Mkubwa wao MaKhumalo, mama wa kifua kipana na sauti ya kusimamisha taxi. Walisema tunawachukulia wateja. Mwezi ule walianza kuwageuza watu mlangoni kwetu. Maneno yakawa makali mpaka mwenye jengo akaja na kufuli mkononi: kelele zisipoisha kufikia mwisho wa mwezi, anafunga saluni, hataki vioo vyake vivunjwe.

Saluni ile ndiyo iliyokuwa inalisha na kusomesha watoto wa Mama Furaha. Kwao Uvira vita vilikuwa vimewaka tena. Hakuwa na pa kurudi.

Katikati ya hayo tukamsikia Themba redioni. Mtangazaji anamuuliza nani anamsuka vizuri hivyo. Akacheka. Akasema kuna dada mmoja bingwa, Johannesburg.

Mama Furaha akazima redio, akaendelea kuchambua rasta. Wanaomjua wanajua hapo ndipo pa kuogopa.

Jumamosi, mluzi.

Themba alikuwa na onyesho ufukweni jioni hiyo. Akakaa, akafumuliwa, Mama akaanza. Upande wa kushoto ukatoka mzuri kuliko siku zote. Alipofika katikati ya utosi, akaweka chanuo mezani. Akanawa mikono.

"Mama, vipi?" Themba akauliza.

"Nimemaliza, papa. Ingine utamalizia kwa ule dada wa Johannesburg."

Wakuu, nilijing'ata ulimi.

Themba akajiangalia kwenye kioo. Kushoto mfalme, kulia kichaka. Akaanza kubembeleza. Atamnunulia Mama vioo vipya. Atamletea kiti cha kisasa, cha kuzunguka.

"Sitaki kitu yako," Mama akamwambia. Walikuwa wanaongea Kiingereza na Kizulu cha sokoni, ila Mama akikasirika Kiswahili cha Uvira kilikuwa kinamtoka chenyewe, na mimi natafsiri. "Minataka kichwa yako. Pale inje, kwa jua, watu waone."

"Mimi ni mwimbaji tu, mama. Siyo polisi."

"Voilà. Polisi wangekuja, wale wamama wangewakimbia. Weye watakuangalia."

Themba akaangalia mlango wa nyuma. Akaangalia kioo. Nadhani ni kioo kilichoshinda, sitamtetea kwa hilo.

Nikabeba kiti nikakitoa nje.

Alipotokea na taulo mabegani, barabara ilisimama. Kina dada wanapiga kelele, taxi zinapiga honi. MaKhumalo hakuinuka kwenye kreti lake.

"Hau! Mtoto wa MaNdlovu!" akasema. "Umehamia Westville, nusu ya kichwa umeisahau huku?"

Watu wakavunjika mbavu. Themba akainamisha kichwa kama mtoto, kwa sababu MaKhumalo alikuwa jirani yao Cato Manor, alimjua tangu anatembea na kamasi.

Nilidhani Mama atachukua chanuo amalizie, watu waone, iishe. Haikuwa hivyo.

Alimwendea MaKhumalo. Akapiga goti kidogo, akamnyooshea lile chanuo kwa mikono miwili, kama Wazulu wanavyompa mtu wa heshima.

"Dada, upande huu ni yako," akasema kwa Kizulu chake cha sokoni.

Kwa msiojua kazi yetu: msusi hagusi kichwa kilichoanzwa na mwenzake. Ni matusi. Na kila mkono una uzito wake, ukichanganya inaonekana. MaKhumalo akakunja mikono.

"Sisuki kichwa cha mtu."

"Si ya mtu. Ni mtoto yenu. Miye nilikuwa nakufichia yeye."

Hapo ndipo Themba alipotoa taulo, akasimama mbele ya umati ule na nusu kichwa, akasema kwa Kizulu, kwa sauti ya jukwaani: "Redioni nilidanganya. Ninasukwa hapa, na huyu mama. Kila mwezi. Mlango wa nyuma."

MaKhumalo akamtazama kitambo. Kisha akapitisha kidole kwenye mistari ya kushoto, taratibu, kama fundi anayepapasa ukuta wa fundi mwingine.

"Nani kakufundisha?" akamuuliza Mama Furaha.

"Mama yangu. Uvira."

"Na mimi mama yangu," akasema, akapokea chanuo. "Kaa chini, wewe. Na usilie, mkono wangu mzito."

Themba alipanda jukwaani na vichwa viwili: kushoto mistari myembamba, kulia minene ya kupinda. Vijana wakaipenda. Wiki iliyofuata wanakuja wanataka ile ya nusu kwa nusu, na hakuna anayeweza kuisuka peke yake. Tukawa tunaanza ndani, MaKhumalo anamalizia nje. Mwenye jengo alirudi na kufuli lake, akakuta wasusi wanagombea kivuli kimoja huku wanacheka. Akaondoka nalo.

Sisemi matusi yaliisha mjini. Pale mlangoni kwetu yaliisha.

Najua humu kuna watakaosema msanii hana deni kwa mtu, kazi yake ni kuimba. Nakataa mchana kweupe. Zawadi alizotaja zisingetuokoa. Kilichotuokoa ni kukubali kwake kuonekana na sisi. Umoja wa watu weusi aliuimba miaka, na siku ile ndipo ulipomgharimu kitu.

Mwenye mawazo tofauti aweke hapa, tubishane kistaarabu. Na kama kuna aliyewahi kumwona tajiri wake akisimama naye hadharani, asimulie.

Mimi nabaki na picha moja. Jumamosi ileile, kusuka kumeisha, Themba karudi ndani kuchukua koti. Miguu yake, kwa mazoea, ikageukia uchochoroni. Mama Furaha alimwonyesha mbele kwa kidevu. Jamaa akacheka, akarudi, akatoka barabarani anapiga mluzi wake, na mlango wa mbele ukajifunga nyuma yake.