Siku Walipotaka Kumchoma Mdogo Wangu

Mdogo wangu alirudi Ifakara masika yakiwa yameshika, hana vidole viwili vya mkono wa kushoto. Miaka miwili nyuma alituaga kwamba anakwenda kuchimba madini Msumbiji. Aliyemwita alimwahidi kazi. Akaishia porini, kwa watu wenye bunduki waliomlazimisha kubeba mizigo na kutazama wanakijiji wakikatwa vichwa. Alipojaribu kutoroka mara ya kwanza, walimkata vidole. Mara ya pili alifanikiwa.

Hayo alitueleza mimi na mama tu. Nikamwambia, "Kesho twende polisi, ukajieleze mwenyewe." Akakubali.

Hatukuwahi. Asubuhi, chai ikiwa bado jikoni, watu walijaa uani kwetu, mtaa wa Viwanja Sitini. Nani alivujisha, sijui mpaka leo.

"Gaidi atoke."

Walimburuta kwa miguu. Jirani yetu wa bodaboda, baba wa watoto wawili, aliyekula pilau ya Idi kwetu kila mwaka, alimpiga tofali la kichwa. Nikashika jembe. Nakiri nilimpiga mtu begani, nikasikia mfupa ukivunjika, na nikatamani kupiga tena. Mama akamlalia mdogo wangu. Wakampiga na yeye, wakamvunja mkono. Kisha mtu akaleta dumu la petroli, wakawamwagia wote wawili.

Polisi kata alifika kwa pikipiki, peke yake, mwanamke mfupi. Alifyatua risasi moja hewani, akaja kusimama kwenye petroli ileile, kati yao na mama.

"Haya, washeni," alisema. "Tuungue wote."

Mwenye kiberiti akarudi nyuma. Wengine wakamfuata.

Mdogo wangu alihojiwa wiki kadhaa, akaachiwa. Baadaye ofisi ya kata iliitisha mkutano, akaletwa mgeni, mama mmoja kutoka pwani ya Kenya.

"Mwanangu wa kwanza alichukuliwa na watu wenye silaha, hakuonekana tena," alisema. "Wa pili akaondoka kwenda kulipiza kisasi. Sikuzika hata mmoja."

Alisema kwao sasa kina mama hupita nyumba kwa nyumba kuongea na vijana, na anayejisalimisha hutafutiwa mtu wa kumsimamia na kazi ya mikono. Aliwahi kufika nchi moja ya Ulaya, akakuta polisi, walimu na maofisa ustawi wa jamii wamekaa meza moja, wanamjadili kijana ambaye hajafanya kosa lolote bado.

Mtu wa nyuma akauliza, "Kwa hiyo hata waliochinja tuwaonee huruma?"

"Waliochinja wapelekwe mahakamani. Mimi namsemea ambaye hajachinja. Mkimchoma huyo, wenzake watakimbilia wapi?"

Maneno yake sikuyapenda. Nilikuwa nimekaa mstari mmoja na jirani yule, na nilichokuwa nawaza ni jembe.

Baada ya mavuno, jirani huyo akaja kwenye mashine ninayokobolea mpunga. Mdogo wangu alikuwa anashona magunia. Jirani akamwonyesha simu. Kuna mtu anamwahidi kazi kusini, nauli juu yake.

"Ni wale?" aliuliza.

Mdogo wangu akasoma mara mbili. "Hata maneno hajabadilisha. Ndivyo alivyoniandikia mimi."

Nilimkaba jirani shingoni, nikambamiza ukutani. Hakujitetea. Mdogo wangu ndiye aliyenibandua vidole kimoja kimoja. "Kaka, mwache. Angeweza kwenda bila kutuuliza."

Tukapanda pikipiki ya jirani watatu hadi kwa polisi kata. Namba ile waliichukua. Iliishia wapi, hatukuambiwa. Jirani hakwenda kusini.

Mama amemsamehe, ingawa mkono wake haunyooki tena. Mimi bado. Jumamosi mdogo wangu hukaa na vijana wa stendi, akawaeleza alichokiona, bila kuruka habari ya vile vichwa. Anasema akiiruka, wanadhani anawatisha tu wasiende kutafuta maisha.