Mama na Mlinzi wa Tajiri

Juzi, karibu na kijiji cha Bihambwe, nilimwona mama mmoja akipanda maharagwe, udongo ukinukia mvua ya kwanza, nikamkumbuka mama yangu.

Mchana mmoja, nilipokuwa mtoto, tulikuwa tunapanda maharagwe, mimi nikimfuata na kikapu cha mbegu. Akaja mlinzi wa tajiri aliyetaka mlima wetu uwe malisho ya ng'ombe wake.

"Mama, acha. Shamba hii haiko yenu tena."

Mama aliendelea kulima, akiimba kwa nguvu wimbo wa kanisani. Nilidhani amefurahi, nikaimba naye. Sasa najua aliogopa.

Mlinzi akakanyaga mbegu zetu. Mama akainama, akazifukia upya mbele ya buti za mlinzi.

"Simama tu hapo mpaka maharagwe yaote, Papa," akamwambia mlinzi. "Lakini ni sisi njo tutayakula."

Na tuliyakula.